Umeletewa samansi ya deni nchini Uganda: namna ya kujibu kabla siku hazijakwisha

Mtu anayeshtakiwa kwa deni nchini Uganda ana haki ya kusikilizwa, lakini haki hiyo ina muda wake, na muda huo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Akiletewa samansi ya kawaida, ana siku 15 za kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Akiletewa samansi ya kesi ya muhtasari, ambayo wakopeshaji huipenda sana, ana siku 10 tu, na ndani ya siku hizo kinachotakiwa si utetezi bali ombi la kuruhusiwa kujitetea. Asiyejibu anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, hata kama deni alikwisha kulilipa, hata kama riba ilipita kiwango cha sheria, hata kama sahihi iliyo kwenye mkataba si yake. Mwongozo huu ni kwa mkopaji wa kawaida: mama muuza mitumba wa Busia, mwenye bodaboda wa Arua, mwalimu wa Kasese aliyekopa ada ya watoto. Nia yake ni kumwonyesha la kufanya tangu saa ile karatasi inapoingia mkononi.

Tambua kwanza karatasi uliyopewa

Si kila barua ya vitisho ni kesi. Barua ya wakili inayosema utashtakiwa usipolipa ndani ya siku kadhaa ni onyo, wala mahakama haijaingia. Ujumbe wa simu unaosema "jina lako liko kortini" hauna uzito wowote peke yake. Samansi halisi ina jina la mahakama, namba ya kesi, muhuri wa mahakama na sahihi ya hakimu au msajili, nayo huambatana na hati ya madai inayoeleza nani anakudai, kiasi gani na kwa sababu gani. Ukiwa na shaka, nenda katika masijala ya mahakama iliyotajwa, mpe karani namba ya kesi, umwombe akuangalizie kama faili lipo. Usimpigie mkopeshaji kumuuliza. Yeye si mtu wa kukupa jibu hilo.

Katika karatasi hizo tafuta jambo moja kabla ya mengine yote. Kwa kuwa nyaraka za mahakama za Uganda huandikwa kwa Kiingereza, angalia kama kuna maneno "Summary Suit" au "Order 36". Ukiyaona, hiyo ni kesi ya muhtasari na una siku 10. Usipoyaona, soma ndani ya samansi yenyewe siku ulizopewa. Kwa kesi ya kawaida zitakuwa 15.

Ipo pia njia ya tatu, ya madai madogo, iliyoanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011 kwa ajili ya madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Huko mdai hutakiwa kukupelekea kwanza notisi ya madai yenye siku 14, na mawakili hawaruhusiwi kusimama kwa niaba ya upande wowote, kwa hiyo unazungumza mwenyewe mbele ya hakimu na kuonyesha risiti zako. Kwa mkopaji asiye na fedha za wakili njia hii ina nafuu kubwa. Fuata tu siku zilizoandikwa kwenye samansi uliyopewa.

Pokea, tia sahihi, andika tarehe

Wengi hukataa kutia sahihi kwenye nakala ya mleta samansi wakidhani kwamba wakisaini wamekubali deni. Sivyo. Sahihi hiyo inathibitisha kwamba umepokea karatasi, basi. Ukikataa, mleta samansi ataapa mbele ya mahakama kwamba alikukuta ukakataa, na siku zitaanza kuhesabiwa vilevile. Ukijificha, mkopeshaji anaweza kuomba samansi ibandikwe kwenye mlango wa nyumba yako au itangazwe gazetini, na gharama hizo zinaweza kuishia kwenye bili yako. Ni heri upokee, usaini, na uandike kwa mkono wako tarehe na saa uliyoipokea, kisha uandike hivyo hivyo kwenye nakala inayobaki kwako. Kama samansi ameachiwa mke, mume au ndugu mtu mzima anayeishi nawe, mwulize ni siku gani hasa aliipokea, kwa sababu mahakama huweza kuhesabu kuanzia hapo.

Hesabu hufanyika hivi. Siku ya kupokea haihesabiwi. Samansi iliyopokelewa tarehe 3 ya mwezi inaishia tarehe 13 kama ni ya siku 10, na tarehe 18 kama ni ya siku 15. Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hesabu. Ikiwa siku ya mwisho imeangukia Jumapili au sikukuu, unaweza kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Kanuni husimamisha hesabu ya muda wa kuwasilisha nyaraka za madai na utetezi kuanzia tarehe 24 Desemba hadi tarehe 15 Januari, lakini sikushauri mtu mwenye samansi ya siku 10 aitegemee likizo hiyo. Afanye kana kwamba haipo.

Lugha ya mahakama

Katiba, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini sheria ya mwenendo wa kesi za madai inasema lugha ya mahakama ni Kiingereza, na maombi ya maandishi huletwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hata uwe mwenye maneno mengi na mazuri kwa Kiswahili, kitakachoingia kwenye faili lazima kiwe Kiingereza. Kama hukisomi, hakikisha kwamba anayekuandikia anakusomea kila aya kwa lugha unayoielewa kabla hujaweka sahihi au dole gumba, na kwamba mwishoni anaandika jina lake na anwani yake pamoja na maelezo kwamba alikusomea na ukaelewa. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka afanye hivyo. Siku ya kusikilizwa, mweleze karani mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Usisubiri hakimu akuulize swali ndipo useme hukuelewa.

Kagua deni lenyewe

Hapa ndipo kesi nyingi zina nyama, na hapa ndipo napenda mkopaji atumie muda wake zaidi. Kusema "sina pesa" si utetezi. Lakini kusema "kiasi hicho si sahihi, na hii hapa hesabu yangu" ni utetezi, na mara nyingi ni utetezi wa kweli.

Anza na mkopeshaji. Benki husimamiwa na Benki Kuu ya Uganda. Wakopeshaji binafsi wa fedha wanasimamiwa chini ya sheria ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji ya mwaka 2016, na mamlaka inayotoa leseni zao ni UMRA. Leseni ya mkopeshaji ni ya mwaka, nayo hukoma tarehe 31 Desemba. Omba kuona leseni ya mwaka ule ule uliokopa, si ya mwaka huu. Mkopeshaji asiye na leseni anaweza kupingwa mahakamani, na ni hoja unayopaswa kuiandika wazi katika majibu yako. Sheria hiyo pia inataka mkataba wa mkopo uwe wa maandishi, uwe na sahihi ya mkopaji, na mkopaji apewe nakala. Mkopeshaji haruhusiwi kushikilia kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki kuwa dhamana. Kama kitambulisho chako kiko kwenye droo yake, liandike na hilo.

Kisha nenda kwenye riba. Mwaka 2024 waziri wa fedha aliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa fedha. Hata pale ambapo kikomo hicho hakigusi, kama vile mikopo ya zamani au mikopo ya benki, sheria ya mwenendo wa kesi za madai inampa hakimu uwezo wa kukataa riba kandamizi hata kama iliandikwa kwenye mkataba, na kuweka riba anayoiona kuwa ya haki.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Busia alikopa shilingi 3,000,000 kwa mkopeshaji binafsi baada ya kikomo hicho kuwekwa, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Baada ya miezi 12 mkopeshaji anadai riba ya 3,600,000 juu ya mtaji wa 3,000,000, jumla 6,600,000. Anakiri kupokea 1,500,000, na hivyo anadai 5,100,000. Mama ana ujumbe wa simu unaoonyesha ile 1,500,000, na ana daftari lenye sahihi ya karani wa mkopeshaji inayoonyesha 700,000 nyingine zilizotolewa mkononi. Kwa asilimia 2.8, riba ya miezi 12 juu ya mtaji wote ni 1,008,000. Jumla ya deni inakuwa 4,008,000. Ukitoa 2,200,000 alizolipa, zinabaki 1,808,000. Mama huyu hakatai kwamba anadaiwa. Anakataa kudaiwa 3,292,000 zisizo halali, na tofauti hiyo inatosha kumfikisha mbele ya hakimu.

Ili kupata hesabu ya namna hii, nenda kwenye kampuni yako ya simu ukaombe taarifa ya miamala ya kipindi chote cha mkopo, na uende benki kama ulilipa kupitia akaunti. Panga malipo kwa tarehe kwenye karatasi moja: tarehe, kiasi, njia, namba ya muamala. Malipo ya mkononi yasiyo na risiti yana shida, lakini si ya kutupwa. Shahidi aliyekuwepo anaweza kuapa, na ujumbe wa WhatsApp ambamo karani aliandika "nimepata, asante mama" una thamani.

Angalia pia umri wa deni. Madai yanayotokana na mkataba hufungwa baada ya miaka 6 tangu siku haki ya kudai ilipotokea. Lakini ukilipa hata sehemu ndogo, au ukiandika na kusaini kwamba unakubali deni, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Kwa deni la zamani sana, usitume hata shilingi 50,000 za kumtuliza mtu kabla hujapata ushauri.

Kuna jambo ambalo linaniumiza kila ninapolisikia, nalo ni la mkopaji kusainishwa mkataba wa kuuza kiwanja au kibanja chake badala ya mkataba wa mkopo. Huambiwa kwamba ni utaratibu tu. Mkopo ukichelewa, mkopeshaji anakuja na karatasi inayosema umemuuzia ardhi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, eleza katika kiapo siku, mahali na watu waliokuwepo, kiasi ulichopokea hasa, na bei ya kweli ya ardhi hiyo wakati ule, na umtafute wakili bila kuchelewa, kwa sababu kesi hiyo si ya deni tu tena. Vilevile, ardhi iliyowekwa rehani rasmi ina utaratibu wake chini ya sheria ya rehani ya mwaka 2009, ambapo mkopeshaji anaweza kuuza bila kufungua kesi mradi atoe notisi zinazotakiwa, kwanza ya siku 45 za kazi za kurekebisha, kisha ya siku 21 za kazi kabla ya mauzo. Notisi hizo si samansi, lakini zina uzito kama wake.

Kuandika majibu

Katika kesi ya kawaida, utetezi wa maandishi hujibu hati ya madai aya kwa aya. Kukanusha kwa jumla, kwa kusema tu "nakataa yote", hakutoshi. Jambo ambalo hukulikanusha waziwazi huchukuliwa kuwa umelikubali. Aya inayosema ulikopa 3,000,000, ikiwa ni kweli, ikubali. Aya inayosema ulilipa 1,500,000 tu, ikanushe, useme ulilipa 2,200,000, na utaje tarehe. Ambatisha muhtasari mfupi wa ushahidi, orodha ya mashahidi, orodha ya nyaraka na orodha ya sheria unazozitegemea. Ikiwa wewe nawe unamdai mkopeshaji, kwa mfano alichukua pikipiki yako akaiuza, weka dai lako la kinyume katika hati hiyo hiyo.

Katika kesi ya muhtasari unaleta ombi la ruhusa ya kujitetea pamoja na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo hicho ndicho kila kitu. Kiseme kama unapinga deni lote au sehemu yake, na kitoe mambo mahususi. Tangu kesi ya Maluku Interglobal Trade Agency dhidi ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 1985, mahakama zimeshikilia kwamba mdaiwa hatakiwi kuthibitisha utetezi wake katika hatua hii. Anatakiwa kuonyesha kwamba kuna suala la kweli, la ukweli au la sheria, linalostahili kusikilizwa. Mama wetu wa Busia angeapa kwamba anakubali 1,808,000 na kupinga zilizobaki, akiambatisha taarifa ya miamala na ukurasa wa daftari. Hakimu anaweza kutoa hukumu kwa sehemu iliyokubaliwa na kumruhusu ajitetee kwa iliyobaki. Kukubali sehemu ya kweli hakumdhoofishi, humfanya aaminike.

Baadhi ya mahakama hupokea nyaraka kupitia mfumo wa kielektroniki wa ECCMIS ulioanza Machi 2022, na nyingine bado hupokea karatasi. Uliza masijala mapema. Lipa ada baada ya kukadiriwa, tunza risiti, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mpelekee mdai nakala yake na upate sahihi. Usikabidhi pesa za ada kwa mtu aliyesimama kwenye korido.

Kuhusu msaada wa bure, Justice Centres Uganda, kliniki ya msaada wa sheria ya Law Development Centre, mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society na FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, ni milango ya kugonga. Nenda na samansi yenyewe, siyo maelezo ya mdomo, na uende siku ya pili au ya tatu. Mtu akifika siku ya tisa, hata wakili mwenye moyo mwema ana kidogo cha kufanya.

Mapatano

Kanuni za mwaka 2013 zinapeleka kesi za madai kwenye upatanishi kabla ya kusikilizwa. Nenda na pendekezo la maandishi: unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, kuanzia lini. Ahidi kile ambacho soko likiwa baya bado utakilipa, kwa sababu mapatano yaliyosajiliwa mahakamani yanakuwa hukumu, na kukosa rejesho moja kunaweza kumpa mkopeshaji haki ya kudai zote kwa mara moja. Kosa la kawaida ni kwenda ofisini kwa mkopeshaji, kulipa kidogo, kupeana mikono, na kurudi nyumbani ukidhani kesi imekwisha wakati faili bado liko wazi na siku zinaenda. Mapatano yoyote yaandikwe, yasainiwe na pande zote mbili, na yawekwe kwenye faili. Kabla ya hapo, endelea kujibu kesi kama kawaida.

Kama hukumu imekwisha kutolewa

Ikiwa ulihukumiwa bila kujua kwamba kulikuwa na kesi, au kwa sababu nzito kama kulazwa hospitalini, omba hukumu itenguliwe mara tu unapopata habari. Eleza kwa kiapo kwa nini samansi haikukufikia au kwa nini hukujibu, na uonyeshe utetezi ulio nao. Omba pia utekelezaji usimamishwe wakati ombi lako likisubiri.

Madalali wa mahakama wakija, waombe wakuonyeshe hati ya mahakama, na umwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awe shahidi wa kinachochukuliwa. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na zana za fundi anazofanyia kazi havikamatwi. Mali ya mtu mwingine iliyokutwa kwako, kama cherehani ya dada yako, mwenyewe anaweza kuipinga mahakamani. Kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni ulilohukumiwa, kipo na kinaweza kufika miezi 6, lakini kabla yake mahakama hukuita ueleze kwa nini usifungwe, na hapo umaskini wa kweli ni hoja. Nenda ukaeleze, na uombe kulipa kwa awamu. Polisi si wakusanyaji wa madeni, na kuchelewa kulipa mkopo si jinai. Hundi isiyo na fedha ni jambo tofauti, nayo ni kosa.

Ukimaliza kulipa, dai barua ya mkopeshaji inayosema deni limekwisha, iwasilishe mahakamani ili faili liandikwe kuwa hukumu imetimizwa, rudishiwa hati ya ardhi au kadi ya pikipiki siku hiyo hiyo, na kama mkopo ulikuwa wa benki, uliza kama taarifa zako katika ofisi za kumbukumbu za mikopo zimesahihishwa.